Jina Lililoazimwa Nusu Saa

Saa sita na nusu mchana, siku ya Jumanne, mama fundi alikuwa anabandika mfuko kwenye shati la shule, pini tatu kazibana kwa midomo, wakati Kitinda aliporudi nyumbani kula. Kitinda alikuwa mwanawe wa mwisho, mwenye miaka ishirini na sita, na jina hilo la kitinda mimba lilimganda tangu utotoni hata kazini wakamwita hivyo hivyo. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa viatu vizuri na kumi na tano kwa vile alivyokuwa navyo. Alivua viatu, akanawa mikono, akafunua bakuli la maharage, akakaa. Hakula. Mama akaliona hilo, ingawa alikuwa amempa mgongo.

Kazi ya Kitinda ilikuwa kugawa ruhusa. Hospitali ilikuwa na daftari moja kubwa ndani ya kompyuta. Kwenye karatasi yake ya ajira liliitwa hifadhidata, nyumbani waliliita daftari, yakaisha. Ndani yake mlikuwa na majedwali: la wagonjwa, la waliozaliwa, la dawa, la vitanda, na kila moja limeshonwa kwa jingine kwa namba. Mtoto akizaliwa hapo, safu yake hushonewa kwenye safu ya mama yake. Mama fundi aliishia darasa la saba lakini hilo alilielewa siku ya kwanza, kwani ndivyo mkono unavyoshonewa kwenye kiwiliwili cha gauni. Kitinda ndiye aliyepanga nani asome jedwali lipi, nani aandike, nani arekebishe, nani afute. Hakugawa ovyo. Alitengeneza vyeo ndani ya daftari, Msomaji, Mwandishi, Mrekebishaji na Mfutaji, na mtu akiajiriwa alivishwa cheo chake kama sare; akiacha kazi, anavuliwa.

Ilibidi awe mwangalifu, maana ruhusa hizo hazikubaki hospitalini. Watu walirudi nazo nyumbani. Mtoa dawa aliyeruhusiwa kuona jedwali la dawa peke yake alipishana na mke wake sokoni mwezi mzima asimwone, mpaka mke akaja ofisini kuomba kwa upole mumewe aongezewe jedwali. Mkunga mmoja alipewa kuandika bila kusoma. Akawa anawasimulia wanawe hadithi na mwenyewe asijue amesimulia nini, wakawa wanamweleza asubuhi ilivyoishia. Karani wa zamani, aliyekuwa na cheo cha Mfutaji, alipitisha kiganja mezani kupangusa makombo. Yakaondoka makombo, sahani nne na rangi ya meza. Mkewe alikuja kwa mama fundi akaagiza mifuko miwili ya kumvisha mikononi, ya kitambaa kizito, na wakaishi hivyo mpaka mzee alipostaafu. Kitinda mwenyewe alikuwa na vyeo vyote vinne, ndiyo maana nyumbani hakuwahi kupewa kazi ya kufuta meza.

Mama alitoa pini mdomoni akamuuliza kuna nini.

Kitinda akaeleza. Katibu wa hospitali alimwita asubuhi. Alhamisi wanakuja wakaguzi, na Katibu anataka safu moja ifutwe, ya mwanamke aliyefariki akijifungua miezi minne nyuma, siku ile umeme ulipokatika na jenereta ikakosa mafuta. Ufunguo wa stoo ya mafuta ulikuwa mfukoni mwa Katibu, na Katibu alikuwa harusini. Sasa, katika daftari lile safu ya aliyefariki haifutwi. Huandikwa tu kwamba amefariki, na saa. Na kumvisha Katibu cheo cha Mfutaji kunataka barua yenye saini tatu, na barua ya namna hiyo huchukua wiki tatu kutoka chumba hadi chumba. Kwa hiyo Katibu hakuomba cheo. Aliomba aazimwe jina. Jina la Kitinda na neno lake la siri, nusu saa tu, kesho baada ya chakula. Alimwambia jina haliishi kwa kuazimwa, akacheka, akamuuliza na mama hajambo.

Mama alifurahi kidogo kusikia ameulizwa hali. Baadaye alilikumbuka hilo na kuona haya.

Alikuwa amelea watoto wanne kwa cherehani moja ya kukanyaga, na huyu wa mwisho ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kukalia kiti kinachozunguka. Kila jioni mama alimwangalia anavyoingia mlangoni, kama ameshika bahasha au hajaishika. Bahasha ndiyo barua ya kufukuzwa. Hata siku za mapumziko alimwangalia mikono.

"Mwanangu," akasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Mpe hiyo nusu saa yake."

"Na kama kuna kitu kimeshonewa kwenye safu hiyo?"

"Mtu ameshakufa. Nini kitaning'inia kwa maiti?"

Wakati anasema hayo alikuwa anachokoa kwa ncha ya mkasi mshono mmoja uliokwenda upande. Akavuta uzi ule mmoja, na mfuko mzima ukabaki mkononi mwake. Akafyonya, akatunga uzi upya. Kitinda akala maharage yakiwa yamepoa.

Jumatano aliandika jina lake na neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi ya kaki alichokichana kwenye karatasi za mama za kukatia mitindo. Neno lenyewe lilikuwa vipimo vya mama, kifua, kiuno na nyonga, kwa kuwa hakuna mtu mwingine ambaye angevikisia na mama mwenyewe asingevitaja mbele za watu. Katibu alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaingia chumba cha kompyuta, akafunga mlango.

Kitinda akakaa nje, kwenye benchi la wagonjwa, nusu saa nzima hana jina. Muuguzi waliyefahamiana naye miaka minne alimuuliza amekuja kumwona nani. Karani wa vitanda alimpita akamwambia wewe dada, sogea kidogo. Kitinda alitaka kujibu lakini hakupata pa kuanzia, akasogea. Alisoma tangazo la kunawa mikono mara kumi na moja. Saa nane na dakika kumi na nne Katibu alitoka, akamrudishia karatasi yake na jina lake, akasema ahsante mwanangu. Jina lilikuwa limelegea kidogo shingoni, kama fulana iliyovaliwa na mtu mnene.

Akaingia, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, ule unaojiandika wenyewe nani kafanya nini na saa ngapi. Ukurasa huo haufutwi na yeyote, hata Mfutaji. Safu zilizoondoka zilikuwa mbili. Kompyuta ilimuuliza Katibu kama iondoe na kilichoshonewa kwenye safu ile, na Katibu, ambaye hakupenda kuhojiwa na mashine, alikubali. Alikuwa ameondoka marehemu, na ameondoka mtoto wa kike aliyezaliwa siku ile ile, mzima, kilo tatu na nusu. Aliyefuta: Kitinda.

Mlinzi alikuwa anafunga vyumba vya mbele kwa ajili ya kupuliza dawa ya wadudu kabla ya wageni. Akamwambia dada toka, utaendelea kesho.

Nyumbani alimweleza mama. Mama aliuliza jambo moja, kama zinaweza kurudishwa. Kitinda alisema zinaweza, dakika mbili tu, akiwahi kabla ya wakaguzi. Mama alimpigia pasi gauni la kazi mara mbili, na asubuhi akamharakisha mpaka akasahau kumpa chai.

Wakaguzi waliamka mapema kuliko wao. Saa moja kamili walikuwa tayari wamekaa, mmoja kwenye kiti cha Kitinda, na walikuwa wameona namba za wagonjwa zinavyoruka kutoka kumi na saba hadi kumi na tisa. Walifungua ukurasa wa mwisho. Katibu alihuzunika kuliko wote. Alisema ni mtoto wa watu, ana mama mjane anayemtegemea, wasimfukuze, wampunguzie tu. Barua yenye saini tatu ilipita vyumba vitatu kwa dakika arobaini. Kitinda akavuliwa kuandika, akavuliwa kurekebisha, akavuliwa kufuta, akabakiwa na cheo cha Msomaji. Vile alivyovuliwa, visije vikalala bila mwenyewe, akavishwa Katibu.

Mchana mama alitoka kukung'uta vipande vya nyuzi akamkuta mwanawe kasimama nje. Mlango ulikuwa wazi nusu, lakini haukusogea kwa ajili yake, naye alikuwa ameungoja.

"Wamekupunguza," mama akasema.

"Wameniachia kusoma."

Bahasha hakuwa nayo. Wangempa, isingeshikika.

Mezani kijiko kiligoma kunyanyuka. Kilikuwa kama kimejengewa pale. Akigusa maji kwenye bakuli, hayatikisiki. Aliona kila kitu vizuri, hata vumbi lililokuwa nyuma ya kabati, lakini hakuna alichoweza kukihamisha, si kifungo cha blauzi wala unywele uliomwangukia machoni. Kusema aliweza, kwa kuwa kusoma kwa sauti hakukukatazwa. Mama akachukua kijiko akamlisha, kama alivyomlisha miaka ishirini na mitano nyuma, ila sasa walikuwa wanatazamana usawa. Jirani wa mlango wa pili alikuja kuazima mkasi, akaangalia, akasema shemeji yake naye aliwahi kupunguzwa hivyo kwenye ghala la mbegu. Akashauri akatwe kucha mapema, maana zenyewe haziambiwi, zinaendelea kuota.

Kitinda aliendelea kwenda kazini. Mama alimfungulia mlango asubuhi, na kule mlinzi alimfungulia. Alikaa, akasoma, akarudi. Mama naye akiwa peke yake alijisema maneno mengi akiwa ameinamia cherehani, na cherehani ikayashona yote ndani ya pindo za watu.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, akaja bibi wa miavuli. Kila mtu alimjua; alikaa karibu na geti la hospitali akitengeneza miavuli iliyovunjika mbavu. Alikuwa amefunga mbeleko mgongoni, imejaa na kujipinda kama yenye mtoto, na ndani hamkuwa na mtu. Mama alimpa shikamoo, akampa kiti. Bibi alikaa kwa upande, kama wanavyokaa waliobeba.

Alieleza bila haraka. Alimpeleka mjukuu wake kliniki, mzani ukasimama sifuri. Muuguzi akamwambia kwa adabu, mama, rudi pamoja na mtoto. Alipomjibu kwamba mtoto ndiye huyu, muuguzi alichungulia, akasema mbeleko tupu hii. Sindano ya miezi minne haikuchomwa, kwa kuwa hakukuwa na wa kuchomwa. Nyumbani nako, picha ya marehemu binti yake iliyoko ukutani siku hizi inaonyesha kiti tu, kiti kinaonekana vizuri sana. Lakini hayo siyo yaliyomleta. Kilichomleta ni kwamba nguo zinambana mtoto, na ameambiwa mama fundi si mtu wa maswali mengi.

Mama alinyoosha mikono, akapokea. Ulikuwa uzito wa kilo sita hivi, wa moto, wenye harufu ya maziwa, na ulimshika kidole. Machoni hakuona kitu. Alipotandaza tepu ya kupimia, namba zote za tepu zikawa sifuri kutoka ncha hadi ncha.

Kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, Kitinda akasema, "Ana kipele shavuni. Anakuangalia wewe, mama."

Bibi aligeuka. "Unamwona?"

"Namsoma. Kwenye ukurasa wa mwisho bado yupo."

"Basi mwandike."

Kitinda akaweka kiganja juu ya kitambaa kilichokuwa mezani, akavuta. Kitambaa hakikusogea. Bibi aliangalia kiganja, akaangalia kitambaa, akaelewa.

Ndipo mama akaeleza yaliyobaki, yote, mpaka na ile methali ya kuubusu mkono. Hakuna aliyemlazimisha. Alieleza akiwa amembeba mtoto ambaye hamwoni, na alipomaliza alingoja atukanwe. Ingemfaa kutukanwa.

"Hata mimi ningemwambia hivyo hivyo," bibi akasema. Akamchukua mjukuu wake akamrudisha mgongoni.

Jumatatu walikwenda kwa Katibu, wote wanne. Aliwapokea vizuri, akaagiza viti, akaagiza na maji. Cheo cha Mfutaji kilikuwa hakijamzoea. Kila alipojifuta jasho kwa kiganja uso ulizidi kuwa laini. Mikunjo yote ilikuwa imekwisha, na nyusi zilikuwa zimebaki nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageuzia kompyuta wajionee. Mgonjwa huyo hakuwahi kulazwa hapo. Na pasipo mama hapawezi kuwa na mtoto, alisema. Si yeye anayesema, ni daftari.

"Wewe ndiye uliyefuta," mama akasema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Mama yangu, jina lililofuta ni la nani?"

Mama akamwangalia Kitinda. Kitinda alikuwa anasoma ukuta.

"La mwanangu."

"Basi."

Katibu akainuka kumfungulia Kitinda mlango, kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu, akamwambia mama ataleta suruali mbili zipunguzwe kiuno. Na kweli alizileta, na mama alizipunguza.

Tangu hapo bibi wa miavuli huja kila Ijumaa, na wamezoeana. Mama hupima kwa shibiri, kwa kuwa shibiri haina namba za kufutika. Yeye anashika asichokiona, na Kitinda anaona asichoweza kukishika. Mama anauliza macho yakoje, Kitinda anajibu. Kitinda anasema mtoto ameingiza kifungo mdomoni, mama anaingiza kidole hewani na kukitoa. Jino la kwanza alilisoma Kitinda; mama alilijua siku iliyofuata, alipong'atwa kidole. Nguo zinaonekana, hivyo mtoto hujulikana alipo kwa gauni lake la maua madogo linalotambaa sakafuni, na wateja wanaruka juu yake, wanaendelea kuulizia mashati yao.

Alipofikisha miezi saba mtoto alikohoa. Hakuna muuguzi wa kumtibu asiyekuwepo, kwa hiyo bibi na mama walimtibu kwa mvuke na maji ya uvuguvugu, na Kitinda akakaa karibu akimhesabia pumzi kwa sauti, siku tatu, mpaka sauti ikakauka. Hesabu ilishuka ikawa nzuri. Safari hiyo. Sindano za tangu miezi minne bado hajachomwa hata moja, na kwenye daftari namba bado zinaruka kutoka kumi na saba hadi kumi na tisa. Wakaguzi walirudi tena mara moja tu, wakaipongeza hospitali kwa utunzaji wa kumbukumbu. Katibu hana nyusi tena, lakini hakuna anayelisema.

Mama sasa ana jambo analomwambia kila kijana anayekuja kushonesha nguo za kazi mpya. Humngoja anyooshe mikono apimwe, maana mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka. Humwambia: chakula chako gawa, nguo yako azima, akitaka kazi yako ifanyike aandike barua asubiri wiki zake tatu. Jina lako usimpe mtu, hata awe mkubwa, hata awe ni mama yako anayekwambia mpe. Wengi huitikia ndiyo mama, macho yakiwa kwenye kioo. Mmoja, binti wa jirani yule wa mlango wa pili, alicheka. Alisema wao ofisini kwao watu tisa wanatumia jina moja, limebandikwa kwenye kompyuta kwa gundi, hawapotezi muda. Na jina lenyewe ni lake, kwa sababu yeye ndiye mgeni.

Mama alimwangalia. Kisha akaandika kiuno chake.

Ijumaa iliyopita bibi alikuwa anasimulia habari za mwavuli wa padri, gauni la maua likiwa limekaa karibu na mguu wa cherehani. Gauni likajikunja katikati, likayumba, likanyooka. Pindo likasimama shibiri moja juu ya saruji, likitetemeka.

"Amesimama," Kitinda akasema.

Bibi akasema haya, mke mwenzangu sasa ataanza kunitia mbio. Mama akapiga magoti sakafuni, akaanza kuokota pini.